Vichwa Sita vya Liki

Siku mama mkwe alipoondoka kwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua, hakuaga watu. Aliaga liki. Wala hapa hapatiwi chumvi. Gari lilikuwa limeshawashwa nje. Mwanawe, dereva wa lori aliyekuwa na likizo fupi, alikuwa amekwisha kupakia begi na kikapu cha nguo za kichanga, akawa anapiga honi kwa upole, honi ya mtu mzima anayemwogopa mama yake. Na mama mtu yuko nyuma ya nyumba, ameinama bustanini, anapapasa mashina moja baada ya jingine kama anayepima watoto homa.

Alipoinuka alimkuta mkamwana wake amesimama na kopo la maji.

"Wape maji asubuhi, chini kwenye mizizi, usiwamwagie kichwani," alimwambia. Liki zake alizitaja kama watu, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. "Usiwale. Usiwakate. Na ukiweza, usiwaguse kabisa."

"Sawa, mama."

"Sawa kila mtu anasema. Nimesema nini?"

Mkamwana akarudia yote, mwanamke mzima na heshima zake, kama mtoto anayetumwa dukani. Mama mkwe akatikisa kichwa, si kwa kuridhika bali kwa kukosa la kufanya, akakaza kilemba chake akaenda kupanda gari.

Mkamwana huyo alikuwa msusi, na mama mkwe alimwita hivyohivyo, "Msusi", tangu siku alipoletwa nyumbani. Si kwa heshima. Alilitema neno hilo kama mtu anavyotema kokwa ya chungwa. Kwake yeye, kazi ni ile ambayo ukiimaliza kuna kitu cha kula. Kuchezea vichwa vya watu barazani kutwa nzima, tena kwa vicheko, hiyo aliihesabu kuwa namna ya kupumzika. Kichwa chake mwenyewe hakuna aliyekigusa. Kilikuwa ndani ya kilemba asubuhi, mchana na jioni, na msusi, ambaye jicho lake halikukosea kichwa, alijua kwa jinsi kitambaa kilivyolala kwamba nywele za chini yake zilikuwa zimepungua sana, pengine zimetoka mabaka. Hakuwahi kusema. Kuna mambo ambayo kabla hujamwambia mama mkwe ni vizuri uwe umeshafungasha.

Kwa asiyeijua liki, ni ndugu wa kitunguu, ila ni yule ndugu aliyekataa kunenepa. Haifanyi kichwa cha duara udongoni. Inapanda tu juu, shina refu lililonyooka, na majani yake mapana yanafungukia pande mbili. Ukiiacha ijiendee, shina linakuwa la kijani na gumu. Lakini mama mkwe hakuacha kitu chochote kijiendee, hata mwanawe. Alipanda miche ndani ya mfereji mwembamba, na kadiri ilivyorefuka ndivyo alivyoirudishia udongo kidogo kidogo, mpaka shina zima likazikwa yakabaki majani peke yake yanachungulia. Huko chini, bila jua, shina liligeuka jeupe.

Msusi hakusahau mara ya kwanza alipoona liki ikichimbuliwa. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza pale nyumbani, naye alikuwa anaanika nguo. Mama mkwe alichomeka uma wa bustani pembeni, akaulaza, akashika majani, na kitu kile kikatoka taratibu ndani ya udongo mweusi uliojaa samadi: kirefu, cheupe, kisafi, kana kwamba uchafu ulikuwa umekatazwa kukigusa. Msusi alisimama na shuka lililolowa mkononi, maji yakimtiririkia miguuni, asiweze kubandua macho. Alikulia mjini kwenye vyumba vya kupanga, na mboga kwake ilikuwa kitu cha kwenye fungu sokoni. Hakujua kwamba udongo una weupe wa namna ile ndani yake. Siku hiyo liki ilikatwa vipete, ikaoshwa katikati ya majani, ikalainishwa kwa mafuta kidogo kwenye moto mdogo, ikatiwa viazi, na ile supu ikawa tamu kwa utamu mpole, wa kitunguu kilichoachana na ukali wake. Alikula akanyamaza. Mumewe alidhani anaumwa.

Kuruhusiwa kuisogelea bustani, hata hivyo, kulimchukua miaka. Kwanza alibeba samadi. Baadaye akapewa magugu ya njiani. Mwishowe, kabla ya msimu mmoja mbaya ambao tutaufikia sasa hivi, akaitwa kusaidia kupukuchua vichwa vikavu vya mbegu, akajiona kama amepandishwa cheo.

Kwa sababu mbegu zile hazikununuliwa. Mama yake mama mkwe ndiye aliyekuwa nazo, akamfungia bintiye kwenye pembe ya kitambaa siku anaolewa, na tangu hapo hazikukatika. Kila msimu, liki zilizo bora kuliko zote haziliwi. Zinaachwa zisimame, zipitiwe na baridi, zipandishe bua refu kufika kifuani mwa mtu, na juu ya bua lichanue ua la duara. Ua likikauka ndipo inapopatikana mbegu, nyeusi, ndogo. Majirani waligawiwa miche kila mwaka, lakini majirani wana matumbo. Nani ataitunza mboga misimu miwili asiile? Walikula zote, wakarudi kuomba.

Sasa, msimu uliopita mvua ilikuja wakati haikualikwa, vichwa vya mbegu vikaoza juu ya mabua. Mama mkwe akarudia kopo lenye mbegu za zamani, na mbegu ya liki haina subira. Ukiiweka sana inakufa kimyakimya bila kukuaga. Alimwaga kopo lote kitaluni. Zikaota sita. Hakuna iliyoliwa, hakuna iliyoonjwa hata jani. Hizo sita ndizo alizoziaga, mabua yameshapanda, na juu ya kila bua kuna kifuko chenye ncha kilichofumba. Urithi wote wa mama yake ulikuwa umesimama pale kwenye miguu sita, na kopo lilikuwa tupu.

Vifuko vilipasuka mama mkwe akiwa hayupo. Msusi alitoka asubuhi na kopo lake la maji akakuta duara kubwa kuliko ngumi ya mwanamume, la maua madogo madogo yasiyohesabika, meupe yenye zambarau kwa mbali, kila moja juu ya kijiti chembamba kama uzi, yote yametoka mahali pamoja yakaenda pande zote sawasawa. Yeye kazi yake ilikuwa kugawa vichwa. Alijua taabu ya kuchora mistari ili kila msuko upate nafasi yake bila kumsukuma mwenzake. Akatafuta mistari. Hakuiona, na bado hakukuwa na ua hata moja lililokosa mahali. Alizunguka bua lile mara kadhaa huku mteja anapiga hodi mbele ya nyumba mpaka anachoka.

"Huyu kasukwa na nani?" akajiuliza kwa sauti.

Alasiri mama mkwe alipiga simu, kama alivyopiga kila alasiri. Habari za watu aliziacha mwisho.

"Wamefungua?"

"Wamefungua, mama."

"Wote?"

"Wote sita. Mama, sijapata kuona kitu kama kile."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu. "Ndiyo walivyo," alisema mama mkwe, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mwiba. Msusi akashika simu hata baada ya kukatwa, furaha imemjaa.

Lakini maua yale hayakumpendeza yeye peke yake. Jirani, mstaafu wa posta ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Nyuki, alikuwa na mizinga nyuma ya uzio wake, na nyuki wote wakahamia kwenye liki. Na baraza ya kusukia ilikuwa upande huohuo. Wateja walianza kukaa wamejikunyata kama wanaosubiri sindano. Kisha akaja bi harusi mtarajiwa, mpole, hana neno, akaumwa juu ya kope. Jicho likafumba, likavimba, na harusi iko mlangoni. Mama yake bi harusi alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa, na waliokuwa kwenye foleni wakakumbuka ghafla kwamba wameacha vitu jikoni.

Msusi akakaa kwenye kiti cha mteja akafikiri. Alikuwa ameambiwa asizile wala asizikate, na hakuwa na nia hiyo. Alifikiri hivi: vile vichwa alivyopukuchua zamani vilikuwa vikavu, havina ua hata moja, na mbegu zilikuwemo. Kwa hiyo mbegu zimo kwenye kichwa. Maua ni nywele tu, na nywele zitaanguka zenyewe leo au kesho. Kichwa kikinyolewa, si kinabaki kichwa? Katika maisha yake yote ya kazi, hilo halikuwahi kumwangusha.

Akachukua mashine ya kunyolea. Alishika bua kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anavyoshika kidevu cha mtoto anayenyolewa mara ya kwanza, akapitisha mashine pande zote. Kwenye kila bua kikabaki kifundo cha mviringo, kidogo kama ndimu, chenye visiki vifupi kama ndevu za jana. Ilikuwa kazi safi. Vipara sita, vimelingana, havina mkwaruzo. Nyuki walikuja, wakazunguka, wakaondoka. Alifagia maua akayamwaga shimoni, akaenda kusuka, roho yake nyeupe.

Mzee wa Nyuki alitokeza kichwa juu ya uzio mchana.

"Jirani, nyuki wangu wamerudi wamenuna. Kuna msiba huko? Naona wote wamenyolewa."

Msusi akacheka, akamweleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyopoteza utani, na huyu alikuwa mtu wa kufanya utani hata kwenye foleni ya hospitali.

"Mama wa watu," alisema mwishowe, "kila ua ni kichumba. Nyuki akiingia na kutoka, mbegu ndiyo inaanza kukaa humo. Ulivyoviona vikavu ni vile vichumba vilivyokwisha kufunga milango. Kwenye kichwa chenyewe hamna kitu."

"Hamna kabisa?"

"Kabisa."

Alikwenda shimoni akapiga magoti, akachambua maua yale kwa vidole, moja moja, vidole ambavyo vilikuwa havijawahi kukosa unywele. Yalikuwa yamenyauka, mepesi, matupu. Alasiri simu ilipoita aliiangalia mpaka karibu ikatike.

"Wanaendeleaje?"

"Wapo, mama," alisema. Hakudanganya, ila alijisikia kama mwizi.

Alimpigia mumewe, aliyekuwa njiani na mzigo. Mume akasema mbona ni kitunguu tu, atamletea mama mbegu za pakiti, zenye picha nzuri juu. Kisha akaliacha hilo, kwa sababu na yeye alikuwa ameinywa supu ile tangu hana meno.

"Za pakiti hazitakuwa hizi," alisema msusi.

"Najua," alisema mume. "Mungu wangu. Utamwambiaje?"

Kuambiwa hakukuhitajika. Mama mkwe aliporudi alipita sebuleni bila kuvua viatu, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Msusi alimfuata akasimama mahali palepale aliposimama siku ya kuagana, kopo mkononi. Mama mkwe alitazama bua la kwanza, akatazama la pili. Hakufika la sita. Aliketi chini ukingoni mwa mfereji, na nguo zake za safari.

"Nani kawanyoa?"

"Mimi, mama. Nilidhani mbegu zimo ndani ya kichwa. Nyuki walimuuma mteja. Nilidhani ni nywele tu. Nisamehe, mama."

Alijiandaa kwa kelele. Kelele angeziweza. Mama mkwe alisema kwa sauti ndogo, wala hakumtazama: "Mama yangu nilimzika mara moja. Sikujua kama nitamzika tena."

Akainuka akaingia ndani. Tangu hapo alikuwa akijibu salamu, anakula anachopewa, anasema asante, na hakuna zaidi. Bustanini hakukanyaga. Msusi aliuliza kama ayang'oe mabua yale ili asiyaone tena dirishani. "Waache wafe wenyewe," alijibiwa. Basi akayaacha, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akaendelea kuyamwagilia. Kila asubuhi, chini kwenye mizizi. Aliona aibu hata kwa kuku.

Hakutarajia chochote. Ni vizuri hilo lijulikane, kwa sababu baadaye majirani walisema alikuwa na siri fulani ya kisasa. Hakuwa nayo. Alikuwa mtu anayemwagilia kosa lake.

Asubuhi moja ya ukungu alikuwa ameinama akaona kitu cha kijani kwenye kipara cha bua la mwisho. Alidhani ni ukoga. Akasogeza uso. Ilikuwa nywele. Nywele fupi za kijani, laini, zimechipua kati ya visiki pande zote, kama kichwa cha mtoto wiki kadhaa baada ya kunyolewa. Akatazama bua la pembeni: zipo. La pili yake: zipo, ndefu zaidi. Akaweka kopo chini, likaanguka, maji yakamwagika asijali.

Akafanya alichojua kufanya. Alizitenganisha kwa ncha ya ukucha ili aone ngozi. Ngozi hakuiona. Kila unywele ulikuwa na kitako chake, cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kimekaa pale kichwani kwa kujishikiza kidogo tu. Akabandua mmoja akauweka kiganjani. Ilikuwa liki. Nzima, na shina lake jeupe na jani lake la kijani, na kwenye kitako kuna vinundu vya mizizi inayotaka kutoka. Liki ya kukaa juu ya ukucha. Akatazama tena kichwa kile akaona kuwa viliki hivyo vilikuwa vingi kupita maua aliyokuwa anaweza kuyakumbuka, na kwamba vichwa vyote sita vilikuwa hivyo. Aliogopa, na katika kuogopa kule hakukuwa na ubaya wowote.

Alikwenda kubisha mlango wa mama mkwe.

"Mama, njoo."

"Wamekufa?"

"Sijui wamefanya nini. Njoo uone mwenyewe."

Mama mkwe alitoka amevaa kandambili za kushoto na kulia zilizobadilishana. Alifika bustanini, akasimama mbele ya bua, akatazama. Alitazama mpaka msusi akaanza kusikia matone ya ukungu yakidondoka kwenye bati. Mkono wake ulipanda mdomoni ukabaki hapo.

"Nimelima liki tangu nina meno ya utotoni," alisema. "Mama yangu alilima. Hili sijaliona, wala sijaambiwa."

"Tungewaona wapi, mama? Hakuna aliyewahi kuwanyoa."

Bikizee akamgeukia, na msusi akadhani sasa ndiyo kelele zinakuja. Zilikuja, ila zilikuwa kicheko. Kicheko kikavu cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheka, kilichomtoa machozi akayafuta kwa ncha ya kilemba.

Mzee wa Nyuki alisikia, akatokeza kichwa juu ya uzio na utani wake tayari mdomoni. Aliona. Utani ukabaki huko huko. Alivua kofia, akaja kwa kuzunguka, akainama mpaka miwani ikakaribia kugusa bua.

"Nyuki hawakupita hapa," alisema. "Niliwaona kwa macho yangu wakirudi. Hakuna aliyepita hapa."

"Basi hawa hawakuzaliwa," alisema mama mkwe polepole, akilipima kila neno. "Mbegu ni mtoto, ana baba na mama. Hawa hawana baba. Hawa ni walewale sita. Ni wao wenyewe, wamerudi."

Walisimama watu wazima watatu kuzunguka mabua ya kitunguu, ukungu ukiwalowesha mabega, na mteja wa kwanza alipotokea uani akauliza kuna nini, msusi alimwonyesha tu kwa kidole, na yeye pia akasimama hapo.

"Tuwatoe?" aliuliza msusi baadaye.

"Wewe watoe. Vidole vyangu ni vya jembe, nitawaponda."

Msusi akaleta kitana chake chenye mkia. Akagawa kila kichwa mistari, kama anavyogawa kila siku, na ule mstari alioutafuta asiuone kwenye maua sasa aliuchora mwenyewe, akabandua kimoja kimoja bila kuvunja hata jani. Mama mkwe alivipokea kwenye sahani, akawa anavipanga kwa kugusa tu, akinong'ona. Beseni za kuoshea nywele zikajazwa mchanga na mboji. Wakapanda mpaka beseni zikaisha, wakaingia kwenye ndoo, wakamaliza na kikarai cha unga. Kwa muda fulani wateja wa baraza ile waliosha nywele kwa kopo.

Vilishika. Vikanenepa, vikahamia kwenye mfereji, na mfereji ukahitaji mfereji mwingine. Majirani walipewa, wakaambiwa kwa ukali ni nini wanapewa, na wawili watatu wakaapa kwamba safari hii wataacha mmoja asimame. Udongo walirudishia pamoja, mama mkwe upande huu na msusi upande ule, na mama mkwe hakurudia nyuma yake kusawazisha kama alivyofanya zamani.

Siku ya kuchimbua, alimpa msusi uma.

"Mimi, mama?"

"Kuna msusi mwingine hapa?"

Msusi akachomeka pembeni, akaulaza, akashika majani. Liki ikatoka taratibu, ndefu, nyeupe, safi, na mshangao wake ukawa uleule wa siku ya shuka, ila mara hii ulikuwa unapita mikononi mwake. Walikata vipete, wakalainisha kwa moto mdogo, wakatia viazi. Mama mkwe akaonja kijiko kimoja, akakiweka kijiko chini, akalia mezani waziwazi, bila kujificha.

"Ni ileile," alisema. "Haikupungua kitu."

Zilizo bora kuliko zote, sita, hazikuliwa. Zilipita baridi, zikapanda mabua, vifuko vikapasuka, na maduara yale yakarudi kusimama nyuma ya nyumba na nyuki wao. Mama mkwe alifunga uzi mwekundu kwenye mabua matatu.

"Hawa waachie nyuki," alisema. "Hawa wenye uzi ni wako."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na foleni barazani. Msusi alikuwa ameshika mashine, anamalizia shingo ya mteja ili aende bustanini, akaona kivuli mlangoni. Alikuwa mama mkwe, na kiti chake mwenyewe cha jikoni mkononi. Akakiweka mwisho wa foleni, akaketi. Wateja wakamsihi apite mbele, mama mtu mzima hapangi foleni nyumbani kwake. Alikataa mara mbili kwa adabu, ya tatu akapita.

Alipoketi kwenye kiti cha mbele alijiweka sawa. Kisha akainua mikono akafungua kilemba, mkunjo kwa mkunjo, akakiweka mapajani. Nywele zilikuwa nyeupe pepepe, nyeupe ya ndani ya udongo, zimebaki hapa na pale, na katikati yake ngozi tupu, laini, inang'aa. Wote waliokuwepo waliinamisha macho. Msusi hakuinamisha. Alikuwa hajawahi kukiona kichwa hicho miaka yote, na alikitazama kama alivyotazama ua lile siku lilipofunguka.

"Msusi," alisema mama mkwe. Alilitamka kama watu wanavyotamka daktari.

"Naam, mama."

"Nyoa zote. Tuone kutaota nini."

Msusi akainua mashine. Kwa mkono wa kushoto akakishika kidevu cha mama mkwe, taratibu, kama alivyoshika yale mabua. Kisha akaiwasha.